Bei Kamili

Afisa wa uwanjani Glasgow aliuliza: unakuja kujifunza nini?
Nikasema: nakuja kufundisha.
Akanitazama, akatazama pasipoti, akanitazama tena,
kisha muhuri ukaanguka, ko.

Paisley, Novemba. Saa kumi jioni taa zimeshawashwa.
Mvua hainyeshi wala haikatiki, inaning'inia tu
kama mdaiwa mlangoni asiyejua aanzeje.

Elspeth, mwenyeji wangu, akanipeleka kwanza kuona shali za kale
zilizofumwa na mababu zake kwenye vitanda vya mfumi.
Nikacheka peke yangu mbele ya kioo:
ile ni korosho!
Korosho ya kwetu Masasi, imejikunja vilevile,
niliyoiuza kwa doti miaka ishirini na miwili,
na hapa wameipa jina la mji wao.
"Mliitoa wapi?"
"Tuliiga," akasema. "Uhindini, nadhani."
Nasi tuliiga, nikamwambia.
Tukatoka kimya, wanafunzi wawili.

Ukumbi wa kanisa. Chai iliyotiwa maziwa baridi.
Watu kumi na wanne: Folasade wa saluni,
Marek mwoka mikate, unga bado kwenye nyusi,
dada wawili wa duka la maua wasiosemezana,
na Callum, fundi bomba, ameikalia mikono yake
kana kwamba imefanya kosa.

Nilibeba mambo saba ya kufundisha.
Nilikuwa kwenye la tatu, kwa Lidia na zambarau yake,
Callum aliposema bila kunyosha mkono:
"Baridi iliyopita nilimrudishia mzee mmoja joto la nyumba.
Hakuwa na kitu. Nikamwambia, acha.
Kisha mwingine. Kisha mwingine.
Sasa mke wangu analala na kikokotozi kifuani.
Niambie, mama. Hii ni huduma au ni ujinga?"

Bomba la joto likagonga ukutani.
Nikatazama karatasi yangu. Jambo la nne lilikuwa Ushuhuda,
na niliuandaa mzuri.
Nikauacha.

Nikawaambia habari za sare arobaini za kwaya.
Pasaka ilikaribia; wakasema, tutalipa tukivuna.
Wakavuna. Bei ikaanguka.
Wakaimba vizuri sana wakiwa wamevaa deni langu,
nami nikaitikia, Bwana atalipa,
na mwezi wa sita nikamwachisha kazi Tekla,
fundi wangu wa vifungo, mama wa watoto watatu.
Hakuna kwaya iliyomwimbia Tekla.

Koo likakauka. Mtu akasogeza kikombe.

"Callum, ulimwandikia yule mzee ankara?"
"Ya nini? Ilikuwa bure."
"Andika. Andika bei kamili:
vipuri, saa zako, mafuta ya gari.
Kisha chini yake andika ulichosamehe, kwa tarakimu.
Usimpe Mungu kitu ambacho hukukihesabu.
Pengine unampa cha mkeo."

Hakuna aliyesema amina.
Mmoja wa wale dada akamwazima mwenzake kalamu.

Tulipokuwa tukikunja viti
Callum alipiga magoti pembeni, nikadhani anaomba.
Alikuwa na ufunguo mdogo wa shaba.
Bomba likapumua, likatema maji meusi kwenye kikombe,
na joto likaja, siku ya semina imekwisha.
Akageuza karatasi yangu ya mambo saba, akaandika nyuma:
Ankara. Pauni arobaini na tano.
Akafikiri kidogo.
Akamkabidhi mweka hazina wa kanisa.
Hakusamehe hata senti.

Usiku, katika chumba cha wageni cha Elspeth,
chini ya blanketi zito kama kesi,
nilitoa daftari langu.
Kwaya: sare arobaini. Nikaandika bei kamili.
Chini nikaandika: nimesamehe, na kiasi chake,
nikaona jinsi kilivyokuwa kikubwa, na jinsi
kisivyokuwa changu chote.
Kisha nikafungua ukurasa wa pili,
ule wa wanaonidai,
nikaandika Tekla,
na mbele ya jina nikaanza kuhesabu miezi.