Nakala Mbili

Bibi alimwita Kanga, yule jike wa madoadoa,
kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo.
Ibra nzima ikacheka:
farasi, jina la ndege?

Kanga alirithi nakala moja tu ya doa,
na moja ilitosha kummwagia wino mgongo mzima.
Mwanawe, kwa dume wa madoa kama yeye,
alipata mbili.
Akazaliwa mweupe, mweupe,
kwato zina milia,
madoa matatu tu pajani.
Hamdun mwenye banda akachinja mbuzi wawili.

Usiku wa kwanza umeme ulipokatika
mtoto aliugonga mlango kwa kifua.
Halafu ndoo.
Halafu mama yake.

Daktari Zuwena akawasha tochi, akaizima,
akamtazama machoni muda mrefu.
"Mchana anaona kama wewe.
Jua likizama, basi.
Nakala moja ni pambo. Mbili ni giza."

Sikumjibu. Mfukoni nilikuwa na karatasi
ya kituo cha afya, kipimo cha kabla ya ndoa:
mimi, nakala moja ya selimundu.
Na asubuhi hiyo Mundhir alikuwa amenipigia simu,
akahema kwanza, ndipo akasema:
"Na mimi, moja."

Nimetundika taa ndogo juu ya hori.
Haizimwi.
Mtoto anakula, masikio yamegeukia ukuta.
Bibi anauliza, harusi lini?
Ngoja, Bibi, namchana manyoya,
nahesabu madoa yake:
moja, mbili, tatu.
Nahesabu tena.