Wiki Tatu Sijaogelea

Huku Ísafjörður, kabla hujaingia bwawani
unavua vyote, unajisugua uchi chini ya bomba,
ndiyo sheria, tena mbele ya wanawake
mliosoma pamoja, mliozikiana waume.
Mshono wangu wa uzazi wanaujua,
paja lililolegea wanalijua.
Ndiyo maana wiki ya tatu sasa
nasema nina mafua.

Yalianza tumboni, madoa
ya rangi ya samoni aliyeiva nusu.
Hayawashi. Yangewasha ningeshukuru,
ningelaumu sabuni, sufi ya sweta mpya,
wale kamba niliokula kwa Gunnvör.
Kisha yakatokea viganjani.
Viganjani! Nani huota vipele viganjani?
Nikaiuliza simu usiku, taa imezimwa,
simu ikanijibu kwa picha.
Nikailaza kifudifudi.

Nina miaka hamsini na minane.
Mjane wa Ketill, mhasibu wa kiwanda cha mikate.
Mwezi wa kumi alikuja mpima-ardhi
kukagua handaki la barabara,
Broddi jina lake, hucheka kwa pua.
Siku mbili.
Haya, siku nne.
Sikujuta wakati ule, na hata sasa
sijui kama hili linalonikaba ni majuto
au ni hofu imeazima koti la majuto.

Nayahesabu. Kazi yangu ni kuhesabu.
Jumatatu thelathini na moja, Jumatano arobaini,
Ijumaa thelathini na nane, nikafurahi kama mtoto:
mawili yametoweka!
Au nilisahau kwapa.

Zahanati ni moja. Muuguzi ni mmoja.
Ni Álfdís, dada yake Ketill, wifi yangu,
aliyenishika kiwiko kaburini nisianguke.
Ningekwenda mji wa pili, nisikojulikana,
lakini theluji imeporomoka barabarani
na wenye tingatinga wanasema labda wiki ijayo.

Nikaenda. Nikavua glavu.
Hakushtuka, hakuguna.
Aligeuzageuza viganja vyangu kwenye taa
kama anayetafuta yai viza.
"Yaweza kuwa kaswende," akasema,
neno zima, bila kulifunika kitambaa.
"Yaweza kuwa ngozi imegombana na baridi.
Jicho linakisia tu, damu ndiyo itakayosema.
Ikiwa ndiyo, ni sindano, na utapona.
Jina lake silitaki leo. Ila ikiwa ndiyo,
lazima naye aambiwe."

Akafunga mpira mkononi. Akaukosa mshipa
mara moja, yeye asiyekosa.
Nikamwambia, "Álfdís, utanionaje sasa?"
Akabandika pamba, akaibana kwa dole gumba,
akatazama dirishani, kwenye mlima
uliotuficha jua tangu Novemba.
"Kiti hicho," akasema,
"wamekikalia wengi wa ukoo wetu."
Kisha, haraka mno, akaulizia wajukuu.

Nimerudi. Nimekaa jikoni na pamba yangu
na hesabu mpya ambayo sikuiomba:
ule mwaka tuliobadilisha mabati,
Ketill alilala karakana miezi miwili.
Alisema ni mgongo.
Nami nikamshonea mto wa kuegemea,
nikaujaza manyoya ya bata kwa mkono wangu.
Mgongo.
Mto ule ningali naulalia.

Nimecheka mpaka chai ikapoa.
Nikalia pia, kidogo, si kwa ajili ya madoa.

Majibu ni Jumanne, siku ileile
jua linaporudi kuchungulia mtaa wetu
kwa dakika chache, nasi tunapika
chapati za maji kulikaribisha.
Gunnvör amepiga simu: utapika?
Nikaangalia viganja.
Nikasema nitapika. Leta jamu wewe.