Mji kwa Vipande

Safari ya kwanza nilipewa saa mbili.
Akonaay aliegesha Fuso nyuma ya Soko la Kilombero,
akasema, "Vitunguu vikishuka vyote naondoka,
uwepo, usiwepo."
Nikaifuata Barabara ya Sokoine kama mtu aliyeazima miguu,
kiganja juu ya fundo la kanga lenye pesa,
hadi Mnara wa Saa.
Mfupi kuliko nilivyokuwa nimeujenga kichwani.
Watu wanapiga picha, wanasema hapa ni katikati ya Afrika.
Nikauzunguka mara moja, kama mnunuzi mnadani
anayekagua mbuzi asiyekuwa na bei yake.
Nikarudi mbio.

Mang'ola, dada yangu Emiliana kalala,
mguu umevikwa hogo tangu alipoteleza mferejini.
"Enhe," akasema. "Mnara una miguu mingapi?"
Sikuhesabu.
"Sasa ulikwenda na macho ya nani?"

Safari ya pili nilihesabu: minne.
Halafu ikanyesha.
Saa nzima ya mji wangu nikaimalizia barazani kwa fundi cherehani,
mtaa wa Goliondoi, nikitazama maji
yakibeba kandambili moja, ya kushoto, kuelekea bondeni.
Nikampelekea Emiliana kandambili hiyo kwa maneno.
Akachukua mkaa, akaichora ukutani jikoni,
mbele kidogo ya mnara.

Safari ya tatu, Boma la Wajerumani.
Kiingilio nilikipima kwa vitunguu, kikanishinda.
Nikachungulia langoni: kobe anatafuna jani,
bila haraka, kama mwenye nyumba.
Ya nne, msimu wa mijakaranda,
nikakanyaga zambarau barabara nzima,
nikaona haya, kama niliyeingia na matope
kwenye sebule ya watu.
Ya tano sikuona kitu. Bei ilikuwa imeanguka,
mnunuzi anataka lumbesa, gunia lenye kichwa na kofia juu ya kichwa,
tukabishana mpaka honi ikalia.
Emiliana alisema, "Hilo nalo ni mji,"
akachora gunia.

Ukuta ukajaa.
Mto Themi akaupitisha katikati ya soko,
maana nilimsimulia mto na soko kwa pumzi moja.
Sikumsahihisha. Ulipendeza pale,
na wauza mchicha, nilifikiri, wangeushukuru.
Kona ya juu tu ilibaki tupu.
"Na mlima?"
"Wingu."
Kila safari, "Na mlima?"
"Wingu."

Hogo likatoka. Mguu mwembamba, umepauka,
kama umekaa gizani ukisoma.
Akapanda juu ya magunia, hakutaka kiti cha mbele.
Kushuka tu Kilombero, akatangulia yeye.
Mimi ndiye niliyepita mara tano,
mimi ndiye niliyekuwa nyuma nikiuliza, "Unajua unakokwenda?"
Mnarani akasimama, akahesabu miguu kwa kidole.
Akatazama kulia, akatazama kushoto.
"Kandambili ilipita wapi?"
Nikamwonyesha mfereji, mkavu.
Akatikisa kichwa. "Wameukosea huu mji," akasema.
"Mto wameuweka mbali mno."

Honi ya Akonaay ilitukuta tukitembea taratibu,
mguu mmoja wake, miguu miwili yangu, na ule wa nne ukijifunza.
Tulipofika, Akonaay mwenyewe alikuwa chini,
mlango wazi, injini kazima,
shingo kaielekeza kaskazini.
Wingu lilikuwa limeteremka mabegani mwa Meru
kama shuka ya mtu anayeamka,
na juu yake jiwe, jiwe tupu, karibu kuliko nilivyodhani.
Makuli nao walikuwa wamesimama, gunia la mwisho chini.
Hakuna aliyeuliza saa.

Nyumbani alifuta mto kwa kitambaa kibichi,
akauchora upya, mbali na soko, kwa shingo upande.
Kona ya juu akaiacha vilevile.
Nilimpa mkaa.
"Hapana," akasema. "Hapo pana kitu tayari."