Mchagua Jembe

Nimetoka Wete na picha iliyoharibika,
nimeikunja ndani ya kipande cha bomba la fundi maji:
bibi harusi wa Mtambwe, sentimita arubaini kwa sitini,
na ukingoni kushoto, pale wembe uliporuka rula,
kidole cha mama yake hakipo.

Sikuwaambia. Nilichapa nyingine usiku ule ule,
wino ukala faida, na karatasi ikala mtaji.
Hiyo nyingine ingali kabatini, haijakatwa.
Mkono wangu umeanza kuogopa rula.

Leo niko Mlandege, duka la tatu tangu asubuhi,
mbele ya mashine tatu na muuzaji mmoja, Haroub.

Ya kwanza ina mkono mrefu kama panga la kufyekea.
Haroub anaushusha, kwachu!
ananitazama kama aliyenolewa ni yeye.
Laki tatu na nusu. Lakini kitanda chake
kinaishia sentimita arubaini na sita,
na picha zangu, ndugu yangu, hazilali kitanda cha mtoto.

Ya pili ingali ndani ya nailoni.
Kigurudumu chake kinateleza juu ya reli
bila kelele, mita nzima, kwenda na kurudi.
Naigusa kwa mgongo wa vidole
kama kanga ninayojua sitaondoka nayo.
Milioni moja na laki mbili.
Kipya kinyemi, nasema. Mkoba wangu unanyamaza.

Ya tatu imeegemezwa ukutani nyuma ya maboksi ya feni.
Imetoka ofisi iliyofungwa, hajui ofisi gani.
Reli ina kutu ncha moja,
kibanio cha karatasi kimeshikwa kwa gundi.
Sentimita sabini na tano. Laki mbili, neno la mwisho,
na neno la mwisho la Haroub nalijua: lina wajukuu.

Nainama. Nautafuta ukali wake kwa ukucha.
Nauliza: hiki kigurudumu kikifa, mwenziwe yuko wapi?
Nauliza: reli hii imenyooka kweli,
au inajinyoosha ukiitazama?
Naomba uzi niipime.
Hapo anawageukia wanywa kahawa wa mlangoni:
"Mchagua jembe si mkulima!"

Wanacheka. Nami nacheka, limenipata.
Kisha nafungua bomba,
namtandaza bibi harusi juu ya meza yake,
nazuia pembe kwa kikokotoo na kikombe.

"Jembe likipinda, Haroub, muhogo hauji kukudai.
Mama huyu atakuja. Shangazi watakuja.
Na mjomba aliyelipia, aliyeko Maskati,
atapiga simu usiku kuuliza kidole kiko wapi."

Mlangoni kimya.
Haroub anavaa miwani, anakitafuta kidole,
anafuata mkono wa mama toka begani mpaka ukingoni,
anafika, anarudi, anafika tena.

Tunaiweka picha ile ile kwenye mashine ya tatu.
Nabana. Navuta mara moja, nimezuia pumzi.
Ukanda mweupe unaanguka, mnyoofu
kama mstari wa daftari.
Nasogeza karatasi mpaka kwenye kutu, navuta tena:
kigurudumu kinasita, kinatafuna,
kinaacha manyoya kama mkeka usiomalizwa.

"Unauza sabini na tano," nasema,
"zinazokata ni sitini na tano. Kumi hizo sizilipii."
Anapiga hesabu. Nami nimeshaipiga.
Laki moja na sabini, na kigurudumu cha akiba
kinachotoka mtotoni mwa meza, kimefungwa gazetini,
kana kwamba kilikuwa kikimsubiri mbishi.

Nahesabu noti.
Kati ya elfu kumi na elfu kumi
kinachomoka kipande nilichokiokota sakafuni siku ile,
sijui kwa nini nimekiweka: kidole, pete, ncha ya hina.
Haroub anakipokea pamoja na pesa,
anakigeuza, ananitazama juu ya miwani,
ananirudishia
kama chenji.