Kikao cha Sita

Bango walituletea wao, na misumari wakaja nayo:
KONGANO LA UBUNIFU, MAWENI, MALINDI.
Thoya wa kuchomea vyuma akauliza
kama kongano ni harusi au ni matanga.
Tukacheka. Mgeni rasmi akakata utepe
kwa mkasi wangu wa maturubai,
akaondoka nao.

Mimi Jumwa ndiye katibu.
Walinichagua kwa kuwa nina kalamu.
Vibanda saba, na kati ya jirani na jirani bati moja,
jembamba, hata Kenga akipiga chafya
Famau humwombea afya.

Yaliyo kwenye daftari ni haya.
Kikao cha kwanza: wote saba. Soda, kreti moja.
Cha pili, wanne. Habari ya umeme:
transfoma tuinunue sisi,
halafu iwe yao.
Cha tatu, watatu. Benki imejibu, leteni hatimiliki.
Kiwanja ni cha mtu aliye Ulaya;
sura yake hatuijui, twamjua kwa risiti.
Cha nne, afisa wa leseni alipita.
Kenga akaandikiwa duka la rejareja
kwa kuwa fomu haina kisanduku
cha mtu anayeunda kitu ambacho hakijapata jina.
Cha tano: mimi, na paka.

Yasiyo kwenye daftari nayajua pia.
Nyuma ya pazia la magunia
Kenga ana mashine ya kuchambua makumbi ya nazi:
mota ya kufulia nguo,
meno ya misumari ya inchi nne.
Imekwama miezi mitano kwa gia moja.
Aliniapisha kwa kaburi la mama.
Simlaumu. Jiko lake la maganda ya korosho
alimwonyesha mtu mara moja tu;
wiki ya sita likauzwa Kilifi,
limepakwa rangi ya kijani.

Na Famau, mlango wa pili,
ana gia kumi na mbili ndani ya ndoo ya grisi,
kazichonga mwenyewe, usiku,
zinangoja mashine asiyoijua.
Naye aliniapisha. Kwa macho yangu haya.

Kenga kaenda Mombasa mara tatu kutafuta gia.
Famau kaenda mara mbili kutafuta mteja.
Safari moja waliketi kiti kimoja,
wakazungumza mpira hadi Mtwapa.

Nami nikashona.
Kidole kimoja hakivunji chawa, twasema,
na vidole saba, kila kimoja mfukoni mwake,
navyo je?
Niliogopa kaburi. Niliogopa macho.
Labda niliogopa zaidi kuwa si katibu tena.

Jumanne barabara ikataka kupanuka.
Tingatinga halisomi bango.
Dereva alikuwa mtu mpole, alitupa nusu saa,
na nusu saa yenyewe tuliitumia kubishana.
Bati la kwanza likang'oka. La pili.
Magunia yakaporomoka na vumbi lake,
na tangu siku ya utepe, ndiyo mara ya kwanza
tukawa chumba kimoja,
hakina paa.

Kenga akamwona Famau amekumbatia ndoo.
Famau akaiona mashine.
Hakuna aliyetoa salamu.
Kisha Famau akafuta gia moja kwa shati lake jeupe,
akaisogeza kwenye mhimili.
Ikakataa, kwa upana wa ukucha.

"Tupa," akasema Kenga, mkono nyuma, macho hakubandua.
Dereva akadhani anaambiwa atupe,
akasita, usukani mkononi.
Thoya ndiye aliyeelewa:
akampa Kenga tupa,
na chuma kikaanza kulia juu ya chuma, taratibu,
huku injini ikingoja.

Nikafungua daftari juu ya goti.
Kikao cha sita. Waliohudhuria: wote saba,
na dereva mmoja.
Mahali:

Hapo nikaacha wazi.