Lete Kiatu

Kijana, rudisha hiyo chupa mfukoni.
Usiniambie umetumwa na baba.
Baba yako namjua, huvaa akala,
na akala ni misumari, si gundi.

Nilikuwa nauza. Sikatai.
Kijiko shilingi kumi,
kwa mkono huu huu unaoshika shazia.
Nilijiambia mimi ni fundi, si polisi,
gundi ni gundi, pua ni ya mwenyewe.
Kariokor tulisema hivyo wengi,
jioni tukahesabu sarafu,
na watoto wakalala kando ya mto
mikono ya sweta mdomoni
kama wanaonyonya.

Halafu Barasa.
Huyu hakuwa wa mtoni. Darasa la sita,
kila Jumamosi akinisomea gazeti nikishona,
akikwama kwenye maneno marefu, anacheka.
Wiki moja hakuja. Ya pili akaja,
akasoma kichwa cha habari mara tatu
asijue ameshakisoma.
Alipoinama nikaisikia harufu.
Gundi yangu. Naijua
kama mpishi anavyojua chumvi yake.
Nilimpimia nani, naye akamgawia nani,
hadi ikamfikia huyu?

Sikumpiga. Maneno pia sikuwa nayo.
Nilimshika mkono hadi zahanati,
kwa Sista Nzilani, ambaye hakuuliza kwa nini.
Aliuliza, "Umekula lini?"
Miaka kumi na minne kwenye kibanda hiki,
na swali hilo sikuwahi kumuuliza
hata mmoja wa wale wa kijiko.

Sasa kopo lina kufuli, ufunguo uko shingoni.
Wenzangu wawili wamefunga yao.
Wa tatu anacheka, anasema nimeokoka.
Wateja wake wameongezeka, hilo nalo nalijua,
na usiku hunikosesha usingizi.

Chupa sijazi, basi. Lakini lete kiatu,
chochote, hata kimoja, hata cha kuokota,
nikuonyeshe soli inavyoshikwa na uzi
tundu kwa tundu.
Barasa yuko hapo ndani na shazia yake.
Siku nyingine mkono humtetemeka,
uzi hukatika, hutukana.
Tunafunga fundo, tunaendelea palipokatika.

Mbona umesimama?
Hicho cha kushoto kinacheka hadi vidole naviona.
Kivue.