Namba Inasema Kampala

Ngabirano aliniandikia kwamba yuko Kabale,
kwamba ukungu hauondoki shambani hadi saa nne,
kwamba anauza mbegu za viazi, gunia kwa gunia,
na mikono yake hunuka udongo hata Jumapili.
Niliiamini ile Jumapili.
Mtu habuni Jumapili.

Miezi saba, barua pepe thelathini na mbili.
Sijawahi kusikia hata kikohozi chake.

Binamu yangu Acidri, fundi simu,
hawezi kuona kitu kimefungwa akakiacha.
Aliifungua barua ya mwisho kama simu iliyoingia maji:
akabonyeza hapa, akabonyeza pale,
ikatoka mistari ambayo Ngabirano hakuiandika,
au hakujua kwamba anaiandika.
"Soma kuanzia chini," akasema, "ndiko ilikotokea."
Njia ya mwongo fupi, walisema wahenga;
hii ilikuwa na vituo vitano,
kila kituo na saa yake, dakika yake, sekunde yake,
na chini kabisa, anwani ya IP:
namba nne, nukta katikati,
kama mtu anayehema.

Acidri akaipeleka mahali namba zinakoulizwa.
Ikajibu bila kupepesa: Kampala.

Basi.
Ukungu ukawa moshi wa malori.
Viazi vikawa vya kukaanga, vya kufungiwa karatasi, Wandegeya,
na mikono, nani ajuaye ilinuka nini.
Nikahesabu yote niliyompa bure:
jina la marehemu mama, Onzia,
kovu la goti na sababu yake,
ninavyoongea peke yangu nikisonga enyasa.
Siku tisa sikumjibu.
Siku tisa nilimhukumu, tena kwa raha,
kama jirani aliyekuta mlango wazi.

Siku ya kumi umeme ulirudi usiku wa manane.
Sijui kilichonituma. Nilijiandikia barua mwenyewe,
neno moja: Upo?
Nikaipasua tumbo kama nilivyoona,
nikasoma kuanzia chini,
nikaipeleka namba yangu ikaulizwe.

Kampala.

Mimi, niliyekaa juu ya kigoda Arua,
miguu ndani ya beseni kwa joto la Februari,
siku ya pili vumbi limeumeza mlima Wati,
mbuzi wa Drani wakigombana na geti,
mimi niko Kampala,
mji niliouona mara mbili,
mara zote mbili nikimpeleka mtu hospitali.

Asubuhi Acidri alikuna kichwa.
"Kampuni za simu hupitisha watu wote mlango mmoja."
Hakuniambia hilo mapema.
Sikumuuliza.

Hiyo haimfanyi Ngabirano mkweli.
Namba haikumtia hatiani, wala haikumtoa.
Huenda yuko Kabale. Huenda yuko ghorofa ya tatu
akisoma bei ya viazi gazetini.
Lakini kuna jambo namba yangu nayo haikulisema:
nilimwambia nina miaka thelathini na minne.
Arobaini na mmoja, tangu Oktoba.
Hakuna nukta inayofika huko.

Barua yake ya thelathini na tatu ilikuwa inasubiri.
Hakulaumu. Aliuliza: Umeuguliwa?
Halafu, mstari wa chini: mvua ya mawe imepiga miche.

Nimeanza kumjibu mara nne.
Mara hii naandika umri kwanza,
kwa tarakimu, nisije nikauficha ndani ya maneno.
Kisha: hapa Arua joto limekataa kulala.
Ukitaka kuhakikisha, usiiulize namba yangu,
itakwambia Kampala.
Niulize kuhusu mbuzi.